Superstudio hawakuchora mji wa kuhamia

Saudi Arabia ilipotoa Julai 2022 picha za The Line, mji wa kuta mbili za vioo wenye urefu wa kilomita 170, kimo cha mita 500 na upana wa mita 200, haukupita muda kabla ya watu kuchimbua picha nyingine za zamani na kuziweka ubavuni mwake. Ni zile za Monumento Continuo, jengo moja jeupe lisilokatika, lililochorwa mwaka 1969 na kikundi cha wasanifu wa Florence kilichoitwa Superstudio. Tangu hapo usemi ni ule ule: ndoto ya Waitaliano wale hatimaye imepata mwenye fedha. Hata taarifa za mwaka 2024 kwamba hadi 2030 zingekamilika kilomita 2.4 tu hazikuuzima. Ziliugeuza kuwa masikitiko, kana kwamba wazo zuri limekwama kwenye bajeti. Mwaka huohuo wa 2022, kampuni ya samani ya Memphis ya Milano ilinunuliwa na kundi linalomiliki Gufram, watengenezaji wa kochi la umbo la midomo na kitundikia-makoti cha umbo la kakitasi. Kisha wakaanza kufariki wazee wenyewe wa ubunifu huo wa Italia waliokuwa wamebaki, Andrea Branzi wa kikundi cha Archizoom mwaka 2023 na Gaetano Pesce, mbunifu wa samani, mwaka 2024, na tanzia nyingi zikawakumbuka kama watu waliorudisha rangi na furaha kwenye nyumba zilizochoshwa na weupe wa usasa.

Kauli hizo mbili, ya mji na ya rangi, zinatokana na kosa moja. Ubunifu wa Italia ulioitwa wa kiradikali, wa kati ya 1966 na takriban 1975, haukuupinga usasa kwa kuota kitu kilicho kinyume chake. Uliichukua mantiki ya usasa wenyewe, yaani gridi, usawa wa kila mahali, kiwanda kisicholala na ardhi isiyo na jina, ukaivuta hadi ncha yake ya mwisho ili kila mtu aone inakoishia. Anayeuona mchoro ule kama ramani ya ujenzi, na samani zile kama mtindo wa rangi, ameipokea kejeli kama ahadi.

Usasa ulioshambuliwa ulikuwa na ahadi tatu. Shule ya ubunifu ya Bauhaus ya Ujerumani na wasanifu kama Le Corbusier na Mies van der Rohe walifundisha kwamba umbo hutokana na matumizi, kwamba malighafi isijifanye kitu kingine, na kwamba kiwanda kikipewa mchoro mzuri kitamfikishia kila mtu maisha bora. Italia ya miaka ya 1960 ilikuwa mahali pazuri pa kuipima ahadi ya tatu. Uchumi ulikuwa umepaa, viwanda vya samani vilikuwa na mashine na plastiki mpya, na vyuo vya usanifu vilifurika wanafunzi ambao hakuna aliyekuwa na kazi ya kuwapa. Novemba 4, 1966 mto Arno ukafurika na kuizamisha Florence. Mwezi mmoja baadaye, katika mji jirani wa Pistoia, vikundi viwili vya wahitimu wachanga, Superstudio na Archizoom, vilifungua maonyesho yaliyoitwa Superarchitettura. Tamko lao lilitaja uzalishaji uliopitiliza, ulaji uliopitiliza, supamaketi na hata petroli ya super, na kudai kwamba huo ndio usanifu wa zama zao. Hawakusema kama wanasifu au wanakashifu, na ukimya huo ndio chanzo cha vurugu yote iliyofuata.

Monumento Continuo yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu, maana wengi wanaoitaja wanaikumbuka kama ukuta mweupe jangwani tu. Ni mfululizo wa picha za kuunganisha: jengo lile lile la gridi linapita juu ya bahari, milima, majangwa na miji bila kubadilika hata kidogo. Linapofika New York linaizingira ncha ya kusini ya Manhattan na kuacha fungu dogo la maghorofa ya zamani katikati, kama kumbukumbu ya enzi ambayo miji ilijengwa bila mpango mmoja. Hebu tafuta mlango, usiupate. Tafuta ngazi, bomba la maji, kituo cha treni, mtu anayefua nguo, hakuna. Msanifu anayekusudia kujenga huanza na hivyo, hata kwenye mchoro wa kwanza. Archizoom nao, katika No-Stop City waliyoifanyia kazi kuanzia 1969, walichukua vielelezo viwili vya majengo ambavyo tayari vilikuwepo, kiwanda na supamaketi, vyote vikiwa ukumbi mpana wenye taa za umeme na hewa ya mashine usiohitaji dirisha. Kisha wakauliza: kama ukumbi huu unafaa kwa bidhaa na mashine, kwa nini usiendelee hadi uufunike mji mzima? Baadhi ya michoro yake ya mwanzo ni nukta na herufi zilizopigwa kwa taipureta, ukurasa hadi ukurasa, bila mwanzo wala mwisho. Hakuna umbo la kulipenda. Ndivyo walivyotaka.

Wapo wanaotetea usomaji wa ndoto, na hoja zao hazina uzito mmoja. Ya kwanza inasema vijana wale waliipenda teknolojia kama walivyoipenda wenzao wa Archigram huko London, waliochora miji inayotembea na nyumba za kuchomekwa. Hii ina ukweli nusu. Kazi za 1966 na 1967 zina raha ya dhati ya plastiki, rangi na muziki wa redio, na hakuna sababu ya kuwafanya wawe watawa tangu siku ya kwanza. Lakini kuanzia 1969 raha hiyo inakauka waziwazi, na gridi nyeusi juu ya weupe inachukua nafasi ya kila kitu.

Hoja ya pili inasema mchoro ukishatoka mikononi mwa mchoraji ni mali ya msomaji, hivyo wapangaji wa The Line wana haki ya kuuona kama mwongozo. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu Superstudio waliandika, tena kwa lugha isiyohitaji mkalimani. Desemba 1971 walichapisha visa 12 vya miji kamilifu. Katika mji wa kwanza kila mkaazi ana chumba chake kinachomtimizia kila haja, ila akishikilia fikra za uasi, dari humshukia kwa nguvu ya tani 2,000. Mwishoni mwa visa vyote kuna jaribio: msomaji aseme ni miji mingapi kati ya hiyo angependa ijengwe. Anayetaka mingi anaambiwa ana kichwa cha mkuu wa nchi. Na asiyetaka hata mmoja hapewi pongezi, bali anaambiwa hajang'amua kwamba miji hiyo ndiyo anayoishi leo. Baada ya maandishi kama hayo, kudai kwamba nia yao haijulikani ni kukataa kusoma.

Hesabu nazo zina la kusema. The Line iliahidiwa watu milioni 9 juu ya ardhi ya kilomita za mraba 34, na treni ya kutoka ncha hadi ncha kwa dakika 20. Kilomita 170 kwa dakika 20 ni wastani wa kilomita 510 kwa saa, bila kusimama kituo chochote. Ukiweka vituo, kasi hiyo haipo, kwa sababu treni hutumia kilomita kadhaa kuongeza mwendo na nyingine kuupunguza. Ukipunguza vituo, wakaazi wanatembea au wanabadilisha treni. Kubwa zaidi ni umbo lenyewe. Watu wawili waliokaa popote kwenye mstari wa kilomita 170 wanatengana kwa wastani wa theluthi ya urefu wake, yaani kilomita 57 hivi. Chukua ardhi ileile ya kilomita za mraba 34 uifanye duara: nusu-kipenyo chake ni kilomita 3.3, na wastani wa umbali kati ya watu wawili unashuka hadi kilomita 3, mwendo wa baiskeli. Mstari ni karibu umbo baya kuliko yote kwa mji, na uzuri wake wote uko kwenye picha inayopigwa kutoka angani. Superstudio waliuchagua kwa sababu hiyohiyo: ni umbo la mtu anayeutazama ulimwengu kutoka juu bila kukusudia kuishi humo. Watu wa kabila la Huwaitat, waliohamishwa kwenye vijiji vyao kupisha mradi huo, walikuwa chini kabisa ya picha, mahali ambapo kwenye Monumento Continuo pia hapaonekani kitu.

Upande wa samani kejeli ni ngumu zaidi kuiona, maana kiti hukaliwa na meza huliwa juu yake. Ndiyo maana inafaa kuangalia jinsi zilivyotengenezwa, si zinavyoonekana. Kochi la Superonda la Archizoom, lililotengenezwa na kiwanda cha samani cha Poltronova kuanzia 1967, ni bonge moja la sponji lililokatwa mara moja tu kwa mkato wa mawimbi. Vipande viwili vinavyopatikana ndivyo kochi lote. Hakuna fremu, hakuna springi, hakuna kinachotupwa, na mwenye nyumba huvipanga apendavyo, viwe kochi, kitanda au kitu kisicho na jina. Huo ni uchumi wa kiwanda ambao mwalimu yeyote wa Bauhaus angeusifu, isipokuwa umefunikwa na ngozi ya plastiki inayong'aa na umbo lake halitokani na matumizi yoyote mahususi. Mwaka 1969 kikundi hicho kikatoa kiti kilichopewa jina la Mies: pande mbili za pembetatu za chuma cha kromu, na kati yake karatasi ya mpira iliyokazwa kama mteremko ulionyooka. Kwa macho hakikaliki. Ukikaa, mpira unanyumbuka na kiti kinapatikana. Kromu ya Mies ipo, usafi wa mistari upo, uaminifu wa malighafi upo, na matokeo yake ni kitu kinachoonekana kama mtego.

Meza ya Quaderna ya Superstudio, iliyobuniwa mwaka 1970 na bado inatengenezwa na kampuni ya samani ya Zanotta, ndiyo inayoigwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Ni mbao zenye kiini cha matundu kama sega la nyuki, zilizofunikwa kwa laminati nyeupe ya kiwanda cha Abet yenye gridi nyeusi, kila mraba sentimita 3. Laminati, ambayo mafundi wengi huiita fomaika, ni karatasi nzito zilizoloweshwa utomvu wa fenoli, juu yake karatasi ya nakshi yenye utomvu wa melamini, zote zikakandamizwa kwa joto na mgandamizo mkubwa hadi ziwe ubao mmoja wa unene wa takriban milimita 1. Ni malighafi ya meza za mikahawa na makabati ya jikoni, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kujifanya mbao au marumaru. Quaderna haijifanyi kitu. Gridi haina juu wala chini, haina mbele wala nyuma, inapanda mguuni kama inavyotambaa mezani. Ili hilo litokee, kila kipimo lazima kigawanyike kwa 3: kimo cha sentimita 72 ni miraba 24 kamili. Fundi anayekata meza ya sentimita 75 kwa 70 atabaki na theluthi ya mraba ukingoni, na mchezo wote utakuwa umevunjika.

Nakala za bei nafuu huharibikia mahali palepale, na si bahati mbaya. La kwanza ni pembe. Pande mbili zikikutana kwa kupishana, tabaka la ndani la laminati huchungulia kama mstari wa kahawia unaoikata gridi. Inatakiwa zikatwe kwa nyuzi 45 na mistari ikutane sawasawa, na kosa la milimita 1 linaonekana kutoka mlangoni. La pili ni gundi. Gundi ya mpira hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke hadi isinate kidoleni, na ikishagusana haitelezi tena, hivyo mafundi hutandaza fito nyembamba katikati, wakalinganisha mistari, kisha wakazivuta moja moja huku wakikandamiza kutoka katikati kwenda nje. Anayeharakisha anafungia hewa, na baada ya miezi laminati huvimba vipele. La tatu ndilo linalosahaulika sana: ubao uliobandikwa upande mmoja tu hujipinda, kwa sababu upande mmoja unavuta na kutoa unyevu na mwingine hauwezi. Lazima upande wa chini upate karatasi ya kusawazisha ya unene unaolingana. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kuna wanaosema samani hizi ni mizaha ambayo mtoto yeyote angechora. Kuchora, pengine. Lakini gridi isiyojali kitu chochote inahitaji fundi anayejali kila kitu, na mgongano huo ndio maana ya meza yenyewe. Usawa kamili unaoahidiwa na kiwanda hauji wenyewe, kuna anayeulipia kwa mikono yake.

Kwenye sponji mambo yalikwenda kombo kwa njia nyingine. Mwaka 1969 Pesce alibuni mfululizo wa viti vya Up kwa kampuni iliyokuja kuitwa B&B Italia. Vilikuwa sponji tupu isiyo na fremu, iliyofunikwa kitambaa cha kunyumbuka, ikanyonywa hewa hadi ikawa bapa na kufungwa kwenye plastiki. Mnunuzi alipofungua, kiti kilijaa mbele ya macho yake na hakikurudi tena kuwa bapa. Kimoja kina umbo la mwili wa mwanamke kilichofungwa kwa kamba kwenye tufe kama mfungwa, na Pesce alisema wazi kwamba alikuwa akizungumzia hali ya wanawake. Uzalishaji ulisimama mwaka 1973. Kilipotolewa upya mwaka 2000 kilikuja kimeshajaa tayari, na leo wengi wanakinunua kama kiti chekundu kizuri. Sponji nayo haisamehe. Ya aina moja huharibiwa na mwanga na hewa, ya aina nyingine huharibiwa na unyevu, zote mwishowe hubadilika rangi, hukakamaa na kuwa unga. Makumbusho yanayotunza vitu vilivyobuniwa kusifu au kudhihaki maisha ya kutumia-na-kutupa yanahangaika kuvizuia visijitupe vyenyewe.

Sasa hoja iliyo nzito kweli dhidi yao. Kila pingamizi lao lilitoka kiwandani likiwa na bei. Poltronova, Zanotta, Gufram na Abet hawakuwa mashirika ya hisani. Mwaka 1972 makumbusho ya MoMA ya New York yaliwaalika kwenye maonyesho makubwa ya ubunifu wa Italia yaliyoandaliwa na Emilio Ambasz, na hata walipojaribu kukataa, ukataaji wao ulioneshwa. Archizoom waliweka chumba kitupu chenye sauti inayosimulia nyumba, na chumba kitupu nacho kikawa kivutio. Hoja hii siipingi. Naongeza tu kwamba wao ndio waliokuwa wa kwanza kuitoa. Adolfo Natalini wa Superstudio alisema hadharani mwaka 1971 kwamba kama ubunifu ni kishawishi cha kununua tu, basi inabidi ukataliwe. Superstudio walipovunjika mwishoni mwa muongo huo, Natalini alijenga kwa matofali katikati ya miji ya kale, ikiwemo Groningen huko Uholanzi, majengo yenye milango, mapaa na madirisha ya kawaida. Wapo waliomwita msaliti. Mimi naona ni ushahidi kwamba mchoraji wa jengo lisilokatika hakuwahi kutaka kulijenga.

Memphis, ambayo leo inabeba jina la harakati nzima, ilikuja baada ya hapo. Mbunifu Ettore Sottsass na vijana wake walionesha kwa mara ya kwanza Milano Septemba 1981, na rafu ya Carlton, yenye upana wa sentimita 190 na kimo cha 196, ikawa picha ya muongo. Walitumia laminati ileile ya Abet juu ya mbao za bei ndogo, kwa nakshi zilizofanana na kaunta za mikahawa ya mitaani, na wakaiuza kwa bei ya kazi ya sanaa. Kulikuwa na werevu ndani yake, kwa sababu ni nani aliyeamua kwamba mti wa walnati una heshima na karatasi iliyolowekwa utomvu haina? Lakini swali la gridi, kiwanda na mji lilikuwa limeshawekwa kando. Sottsass mwenyewe alijitoa mwaka 1985, mtindo ulipokuwa juu kabisa. Hivyo mtu akipaka ukuta vijipinde vya waridi na kijani na kuuita wa kiradikali, amerithi mwisho wa habari bila habari yenyewe.

Ukitaka kujua ni nani aliyetoka kwenye mtego wa bei, mtazame mbunifu Enzo Mari. Hakuwa mwanachama wa vikundi hivi na aliwasema vibaya mara nyingi. Mwaka 1974 alitoa michoro 19 ya meza, viti, vitanda, mabenchi na makabati ya kujitengenezea, kwa mbao za msonobari za vipimo vya dukani, msumeno, nyundo na misumari, bila kiungo hata kimoja cha kuchonga. Aliyetuma gharama ya posta alitumiwa michoro bure. Kila mtu aliruhusiwa kuitumia isipokuwa viwanda na wafanyabiashara. Mari hakukusudia kupunguza gharama. Alitaka mtu agundue mwenyewe kwamba msumari unaopigwa kwenye ncha ya ubao, sambamba na nyuzi za mti, hulegea mapema kuliko unaopigwa kuzikata, na kwamba fremu ya mistatili bila kipande cha mshazari hulala upande. Aliyekwisha kulijua hilo haangalii tena dirisha la duka la samani kwa macho yaleyale. Mwaka 2010 kampuni ya Artek ya Finland ilianza kuuza kiti chake cha kwanza kikiwa vipande vilivyokatwa tayari, jambo lililowakera wafuasi wake wengi, ingawa mnunuzi bado anashika nyundo. Karibu zaidi na kusudio lake ilikuwa karakana ya CUCULA mjini Berlin, ambako vijana wahamiaji kutoka Afrika Magharibi waliofika Ulaya kupitia Lampedusa walijenga samani hizo. Mari aliwapa hao ruhusa ya kuzijenga na kuziuza.